Plagi ya Nesi Rehema

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka thelathini na moja na meno yangu yote, na wenzangu wa rika hili ndiyo kwanza wanatafuta kazi. Lakini mtu akifanya kazi miaka kumi na miwili halafu akaiacha kwa amri ya daktari, sijui tuiite nini kingine. Ngozi ya mikono yangu imegombana na petroli. Ilianza kwa kuwasha, ikaja kupasuka, mwisho ikawa nikishika kitambaa chenye oili siku nzima nashindwa hata kukunja vidole. Daktari wa Kasulu, kijana mpole aliyeletwa kutoka Mbeya, alinigeuza viganja mara mbili akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia fundi pikipiki. Akasema, "Basi ilikuwa kazi yako." Akaandika dawa ya kupaka.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale gereji ya Makere, na watakaokuja baada yenu. Habari za nani alipandishwa kuwa fundi mkuu hazimo humu, kwa sababu fundi mkuu alikuwa mmoja tangu siku ya kwanza na mpaka leo ni yeye. Mshahara nao tuuache upumzike, umechoka. Nataka kuwaeleza habari za plagi, na za plagi moja hasa, ile iliyotundikwa ubaoni ikiwa na jina langu badala ya jina la mteja. Mmekuwa mkinitania kwa ajili yake bila kujua ilifikaje pale. Leo mtajua.

Nilifika Makere nikitokea kwetu Kibondo, juu ya lori la mihogo mikavu, nikiwa na cheti cha darasa la saba, shati la kaka yangu, na ndoto ya kutengeneza ndege. Ndege kweli, siwatanii. Zile ndogo zilikuwa zikipita juu ya shamba letu nikiwa napalilia maharage, nasimama na jembe mpaka mama anirushie bonge la udongo. Nikajisemea nitaanza na pikipiki, injini ni injini.

Fundi Bukuru alinipokea akiwa amekaa juu ya tangi la pikipiki lililotobolewa na kutu. Mnamjua alivyo: Muha wa Rungwe Mpya, mrefu, mwembamba, sauti ya chini. Wakati ule tayari alikuwa na miwani mbili, moja ya kutazamia watu na moja ya kutazamia plagi. Ile ya watu ilikuwa na ufa katikati, imefungwa waya wa breki. Ile ya plagi ilikuwa safi, anaiweka kwenye mfuko wake wa kitambaa. Nikainama, nikapiga makofi mawili madogo kama tulivyofundishwa nyumbani, nikasema, "Mwakeye." Akaitika, akachukua plagi iliyokuwa kwenye goti lake, akanipa.

"Soma."

Nikaona huu ni mtihani mwepesi. Nikasoma kwa sauti herufi na namba zote zilizoandikwa kwenye ile kaure nyeupe, hata zile zilizofutika nusu. Akaningoja nimalize.

"Umesoma vizuri. Hilo ndilo jina lake. Sasa niambie anaumwa nini."

Nikaigeuza tena nikitafuta maandishi mengine. Akavaa miwani ya plagi, akanivuta bega.

Kwa atakayeziokota karatasi hizi bila kujua: plagi ni kile kidude kinachofungwa kwenye kichwa cha injini ya petroli kirushe cheche. Sehemu yake ya chini inakaa ndani kabisa, motoni. Katikati pana ncha ya chuma iliyozungukwa na kaure, na juu ya ncha hiyo pana mkono mdogo wa chuma uliojikunja. Cheche inaruka kati ya ncha na mkono. Kwa kuwa inaishi ndani, inaona mambo ambayo wewe wa nje huyaoni, na ukiichomoa inakuonyesha usoni. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, injini ni nzima, haiumwi. Ikiwa nyeusi kavu, yenye masizi yanayopakaa kidole, inakula petroli nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na imeloa, inang'aa kama mtu aliyejipaka mafuta, basi oili inapanda kutoka chini, ringi za pistoni zimeisha. Ikiwa nyeupe kama mfupa, yenye vipele vidogo, inaungua, iokoeni.

"Mtu atakuja atakwambia pikipiki haina nguvu," Mzee Bukuru alisema. "Msikilize, ni heshima. Lakini usiamini mpaka umeona plagi."

Mwezi wa kwanza kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kuchomoa na kusoma. Mwezi wa pili nikapewa kusafisha. Namna yetu ya kusafisha ilikuwa kama mnavyoijua: plagi inawekwa kwenye mkaa, inachomwa mpaka mafuta yote yanaisha, inapigwa brashi ya waya, halafu msasa kwenye ncha mpaka chuma kinang'aa. Kisha nafasi kati ya ncha na mkono inapimwa kwa kile kipande cha msumeno wa chuma anachokiweka Mzee mfuko wa shati. Unakipitisha katikati; kikipita kwa kukwaruza kidogo, sawa. Kikipita bila kugusa, unagonga mkono taratibu mpaka ushuke. Nimeona mafundi wa mjini wana vipimo vya kununua, vya majani mengi kama kitabu. Kile cha Mzee kina jani moja na hakijawahi kutudanganya.

Jiko lenyewe tulikuwa tunagawana na Mama Neema, Mkongo wa kambini Nyarugusu, ambaye siku akipata kibali cha kutoka alikuja kutupikia maharage na kuuza mikate ya kukaanga pale mlangoni. Plagi kwao ni buji. Alikuwa akifunua sufuria ananitazama kwa hasira ya utani.

"Mufundi, hizi buji zako zitaiva mbele ya maharagi yangu?"

"Zimeshaiva, mama. Weka chumvi."

"Weye utakula buji leo. Mi maharagi yangu napa bantu."

Na ule ubao. Mzee Bukuru hatupi plagi mbovu. Anaifunga waya, anaitundika kwenye msumari, na kipande cha boksi chenye jina la mwenye pikipiki na ugonjwa uliopatikana. Madereva wa bodaboda wakija, jambo la kwanza ni kutafutana ubaoni. "Kumbe wewe oili inapanda!" "Mbona yako nyeupe, unakimbizwa na nani?" Kuna mwalimu mmoja alikuwa na plagi tano pale, zote nyeusi kavu. Tulimfungulia kabureta mara tatu bila kuona kitu. Mara ya nne Mzee akamwambia, "Mwalimu, washa nione." Akavuta choki, akawasha, akakaa vizuri, akavaa kofia, akaondoka. Choki haikurudishwa. Alifundishwa na shemeji yake kwamba choki ni ya kuamshia injini asubuhi, hakufundishwa kwamba injini ikishaamka inaachwa. Miaka miwili alikuwa anakwenda shuleni akiinywesha petroli kwa nguvu. Ubaoni Mzee aliandika tu jina na "choki". Hakutaka kumwaibisha mtu wa serikali.

Sasa kuhusu madini, maana ndiko ninakoelekea. Plagi ya kawaida, ile tunayoifunga kila siku, moyo wake ni wa shaba kwa sababu shaba inapitisha joto haraka, lakini ncha yake imevikwa nikeli, maana shaba peke yake ingelika kama sabuni. Nikeli ni ngumu kiasi. Inavumilia msasa, inavumilia kugongwa, inavumilia mafundi kama mimi. Ubaya wake inalika taratibu, nafasi inapanuka, na ncha yake nene inadai umeme mwingi ili cheche iruke. Halafu kuna plagi za platinamu, na kuna za iridiamu. Hizi ncha zake ni nyembamba kama sindano ya kushonea, kwa sababu madini yenyewe ni magumu mno, hayayeyuki upesi, kwa hiyo hayahitaji unene. Cheche inaruka kirahisi kwenye ncha nyembamba, pikipiki inawaka kwa kiki moja, na inadumu mara nyingi kuliko ya kawaida. Vijana wanaziita plagi za mbio. Haziongezi mbio. Na hakuna dhahabu wala iridiamu itakayoponya ringi zilizoisha. Oili ikipanda inazima plagi zote, ya bei na isiyo ya bei.

Hayo yote nayajua leo. Mwaka wangu wa tatu niliyajua nusu, na ile nusu nyingine nilidhani naijua.

Nesi Rehema alikuwa ameletwa kutoka Tanga kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha upande wa Kitanga. Kabla yake kile kijiji kilikaa bila nesi muda mrefu. Waliokuja walikaa kidogo wakaondoka. Alikuwa mfupi, mcheshi, anaongea haraka haraka. Siku ya kwanza kufika gerejini alimwamkia Mzee shikamoo, akashuka kwenye pikipiki ya ofisi iliyojaa tope mpaka kwenye kioo, akasema, "Mzee wangu, hivi milima ya huku iliwakosea nini, mpaka barabara zote mkazipandisha juu yake badala ya kuizunguka?"

"Tulifuata mbuzi, mwanangu," Mzee akamjibu. "Wao ndio walipima."

Nikachomoa plagi. Nyeusi, imeloa. Ringi. Injini ilikuwa imechoka kabla yeye hajaipanda. Pikipiki hiyo ndiyo iliyompeleka Kasulu kuchukua chanjo kwenye sanduku la baridi na kumrudisha, na ndiyo iliyompeleka kwa akina mama wasioweza kufika zahanati. Ilikuwa imeshamzimia mlimani mara mbili peke yake. Mara moja alilala kwa watu asiowajua, wakampa kitanda wao wakalala chini.

"Walinipa na kuku," alisema, "nikalia. Si kwa ajili ya kuku. Mzee Bukuru, mimi si mwoga, lakini ikinizimia tena mara moja, naandika barua ya uhamisho. Nirudi kwetu kwenye tambarare."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekuomba.

Kaka yake aliyeko Dar alikuwa amemtumia zawadi: plagi ya iridiamu, imefungwa kwa pamba ndani ya kiboksi. Aliitoa mkobani kama pete. Mzee akaigeuza chini ya miwani yake, akaisifu, akaifunga, lakini akamwambia ukweli: ugonjwa uko kwenye ringi, hii itamvusha siku chache tu, yeye mwenyewe atakwenda Kigoma kuzitafuta ringi za saizi ile. Nesi akakubali. Mzee akapanda basi Jumatatu. Akaniachia gereji, akaniachia na kile kipande cha msumeno. Sikuwahi kukabidhiwa kitu kikubwa namna ile. Nilikiweka mfuko wa shati, upande uleule anakokiweka yeye.

Jumanne asubuhi Nesi Rehema akapita akienda Kasulu kuchukua chanjo. Alasiri hiyo palikuwa na kliniki ya watoto wa vijiji vitatu. "Mdogo wangu, iangalie tu, inaanza kukohoa." Nikaichomoa. Oili ilikuwa imeanza kuipaka. Na mimi, fundi mwenye kipimo mfukoni, nikaifanyia kama tulivyozifanyia zote. Nikaichoma kwenye mkaa. Nikaipiga brashi ya waya mpaka kaure ikaonyesha mistari ya kijivu. Nikaitia msasa. Nikapitisha msumeno, nikaona nafasi imebana, nikautanua ule mkono kwa kuukwanyua na bisibisi iliyoegemea kwenye ncha ya katikati. Nikasikia kitu kidogo sana, kama ukucha unapokatika.

Nilipotazama, ile sindano haikuwepo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa lilipo. Kuvunja ncha si kosa kubwa. Sikuwahi kufundishwa kwamba iridiamu haipigwi msasa wala haikwanyuliwi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuletea iridiamu. Kwenye rafu nyuma yangu palikuwa na plagi za kawaida, za nikeli, mpya, zaidi ya tatu. Ningefunga moja, nikamwambia, "Dada, nimeharibu zawadi ya kaka yako, nisamehe, chukua hii ikufikishe." Basi. Lakini niliona aibu. Ilikuwa siku yangu ya pili kuwa mkubwa. Nikaivisha kofia ya waya, nikaiegemeza kwenye kichwa cha injini, nikapiga kiki. Cheche ikaruka, ya bluu, ikiita. Nikajidanganya kwa cheche ile. Mnajua ninyi leo, maana nimewaimbia: cheche inayoonekana nje si ile ya ndani. Ndani hewa imebanwa, nafasi ikiwa pana na kaure ikiwa na mistari ya chuma, umeme unatafuta njia rahisi na kuvuja. Kwenye tambarare pikipiki itakwenda. Kwenye mlima, injini ikielemewa, itakuacha.

Nikaifunga. Ikawaka kwa kiki ya kwanza.

"Iko fiti?" aliniuliza.

"Iko fiti, dada."

Ilimfikisha Kasulu. Ikamrudisha mpaka Makere, akanipungia mkono bila kusimama, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Wingu lilikuwa limekaa upande wa Kitanga. Nilisimama mlangoni nikasikiliza mlio mpaka ukapotea, nikasikia inamisi, inakosa mlipuko, mara moja, mara mbili. Nilikuwa na baiskeli ya Mama Neema pale ukutani. Ningeweza kumfuata. Nikaingia ndani, nikapanga spana.

Ilimzimia katikati ya kile kilima kirefu, mvua ikinyesha. Hakuwa na plagi nyingine. Aliisukuma pikipiki kwenye ua wa mtu, akabeba sanduku kichwani, akatembea mpaka zahanati. Alifika jua linazama.

Siku ya tatu akaja gerejini, pikipiki ikiwa juu ya pikapu ya wauza tangawizi. Mzee alikuwa amerudi asubuhi hiyo na ringi zake kwenye gazeti. Nesi alisalimia, akakaa, hakutania. Akasema kwa utulivu, "Mzee, barua nimeandika. Iko mkobani. Nitaipeleka Kasulu gari la Jumatatu likija. Nimekuja tu kuwashukuru."

Mzee akavaa miwani ya plagi, akachomoa plagi. Akaitazama. Akaipeleka kwenye mwanga. Kisha akaiteremsha, akanitazama mimi, bado amevaa miwani ile ile. Nilitaka ardhi ya Makere inimeze na mihogo yake yote.

"Tatizo nini?" Nesi akauliza.

"Ncha imevunjika. Ilivunjwa hapa, kwa kusafishwa vibaya," Mzee akasema. "Kosa ni la gereji. Gereji ni mimi. Naomba unisamehe, mwanangu."

Mtu wa umri wa baba yake alivua kofia mbele yake, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na mdomo umefungwa.

Tulishusha injini siku ile ile. Ringi mpya, plagi ya kawaida ya nikeli, na ya pili ya akiba. Ile iliyovunjika Mzee akaifunga waya, akaitundika ubaoni na kipande cha boksi kitupu. Hakuandika kitu. Hakunigombeza hata neno moja, alinipa kazi. "Ezekia, utamfundisha mama huyu kufungua plagi, kuisoma na kuifunga, mpaka aweze hata akiwa kwenye mvua. Halafu utapanda naye kile kilima."

Nilimfundisha alasiri mbili. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi hii, mikono iliyozoea kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Nilimwonyesha kuanza kufunga kwa vidole, isiende upande, ndipo spana, robo mzunguko. Kila alipouliza swali, lile jingine ambalo hakuuliza nililisikia mimi peke yangu.

Jumamosi tukapanda kilima, yeye akiendesha, mimi nyuma. Pikipiki ilipanda bila kukohoa. Juu kabisa, pale unapoona mashamba mpaka vilima vya upande wa Burundi, akasimamisha ili ajizoeze. Akachomoa plagi kwa kitambaa, akaitazama, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kahawa ya maziwa!"

"Dada Rehema," nikasema, "ile plagi niliivunja mimi. Mzee alikuwa Kigoma. Niliona imevunjika kabla sijakufungia. Nikakwambia iko fiti."

Akarudisha plagi mahali pake, kwa vidole kwanza, kisha spana, robo mzunguko. Vizuri kuliko mimi siku ile.

"Nilianguka mara mbili na lile sanduku," akasema akiwa amenipa mgongo. "Mara zote mbili nililikumbatia, nikaacha magoti yaende. Nilipofika, wale akina mama walikuwa hawajaondoka hata mmoja. Wamewasha moto, wanawafunika watoto kwa kanga zao. Wananiambia, pole nesi, pole nesi. Kumbe nilipaswa kupewa pole na wewe."

"Pole, dada."

"Umechelewa."

Akapiga kiki, ikawaka mara moja, akaondoka kuelekea zahanati. Akaniacha pale juu. Nilitembea mpaka Makere, na ni mbali, waulizeni mbuzi. Mzee Bukuru alitazama viatu vyangu vilivyojaa tope jekundu mpaka kifundo. Hakuniuliza. Akanipa penseli. Nikaenda ubaoni nikaandika kwenye kile kipande cha boksi: *Ezekia. Aliipiga msasa, akaivunja, akanyamaza.*

Jumatatu nilisimama barabarani tangu asubuhi. Gari la Kasulu likapita. Sikumwona ndani. Nikadhani labda amepita na jingine. Wiki iliyofuata ndipo alipokuja na pikipiki kumwaga oili, akaongea na Mzee, mimi hakunitazama. Akaja tena, vile vile. Mara ya tatu akaingia, akasema, "Ezekia, choki yangu imekaza." Sijawahi kufurahia choki kukaza kama siku ile. Habari ya barua hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, alikuwa bado yupo. Tukafanya kama haikuwahi kuandikwa.

Miaka iliyofuata mnaijua, mingi tulikuwa pamoja. Plagi za ncha nyembamba sasa zinakuja kila wiki, na Mzee amebandika karatasi juu ya jiko: ISIYO YA NIKELI HAIINGII HUMU. Hizo tunazifuta kwa kitambaa chenye petroli na kuzipuliza, na zikishindikana tunasema zimeshindikana. Mwenye kubeba magunia milimani mpeni plagi inayopoa upesi, isimwungulie. Wa safari fupi fupi mpeni inayotunza joto, ijichome masizi yenyewe. Na kabla ya yote ulizeni choki.

Ijumaa iliyopita mliniaga. Mama Neema alileta mikate, akanifungia mitano ya njiani, akasema nyuki wa Kibondo hawatanipenda, nanuka petroli. Nakwenda kufuga nyuki, ndiyo. Mama ana mizinga minane porini na mimi nina ndoto ya mia mbili. Ndege nitazirudia baadaye.

Nesi Rehema akafika mchana, pikipiki ni nyingine sasa, yeye ni yule yule, isipokuwa siku hizi anaamkia "mwakeye" kwa lafudhi ya Tanga. Akasema huduma yangu ya mwisho ni yake. Akachuchumaa mwenyewe, akachomoa plagi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na vitambaa vya dawa. Akainyanyua mbele ya macho yangu, akaigeuza taratibu nione pande zote, mimi mikono nimeiweka nyuma.

"Soma, fundi."

"Kahawa ya maziwa. Mzima."

"Na hii ya akiba nayo." Akatoa kwenye kisanduku cha vifaa kitu kilichozungushiwa karatasi na kufungwa kwa utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Karatasi ilikuwa nyeusi kwa oili, imechakaa kwenye mikunjo. Alipoifungua, niliona mwandiko wa kalamu, na katikati mstari mmoja umepigiwa mstari chini: *Yah: OMBI LA UHAMISHO.*

Nilimtazama. Mama Neema akasogea aone.

"Siku ile nilipokuacha mlimani," akasema, "hii plagi ya akiba ilikuwa inagongana na spana ndani ya kisanduku, kelele njia nzima. Nilikuwa na hasira, na kelele zinazidi kunikera. Nikasimama nitafute karatasi ya kuizungushia." Akaikunja tena karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akairudishia mpira. "Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Asali utaniletea lini?"

Nikamgeukia Mzee Bukuru, aliyekuwa amekaa juu ya lile tangi bovu. Alivua miwani ya watu. Akatoa ile nyingine kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaivaa, akanivuta bega mpaka uso wangu ukawa karibu na wake, akanitazama kwa muda mrefu.

"Nenda, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kiha. "Rangi yako nzuri."